Nafasi ya Floarea Karibu na Jiko

Hârjești, 6 Oktoba 2003

Mwanangu Beniamin,

Amani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umevaa soksi. Mimi sijambo, ukiacha goti, na goti usiliulize maana jibu lake ni refu. Binamu yako Estera amejifungua mtoto wa kike, kilo nne na nusu, ana mashavu kama diwani. Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yamevunjika. Nimepika jamu chupa thelathini, na sita ni zako, atakuletea dereva Sandu kwenye basi lake dogo pamoja na barua hii. Safari iliyopita alisema chupa moja ilivunjika njiani. Halafu akaniambia ilikuwa tamu kuliko ya mwaka juzi, nikajua ilivunjikia wapi. Kaburi la mama yako nimelipalilia na kupanda maua ya manjano. Hapo sina zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa limenipa mlango. Katika mkutano wetu Ndugu Traian, mzee wa kanisa, alisimama akasoma majina ya wageni waliokuja kwetu mara ya kwanza tangu mwaka jana. Kumi na mmoja. Akayasoma taratibu, kofia mkononi, utadhani ni marehemu. Kisha akauliza ni wangapi waliorudi. Hakuna hata mmoja. Tumebaki kumi na tisa, Beni, na kijana wetu ni binti yake Traian, mwenye miaka arobaini na sita. Bwawa la ubatizo chini ya mbao za mimbari halijaona maji miaka sita. Panya wamezaa humo. Basi wakaamua apatikane mtu wa kuwapokea wageni ili warudi, na wote wakanigeukia mimi, eti nina uso wa upole. Usicheke.

Jumapili iliyofuata mgeni akaja kweli. Anaitwa Mirela Dărăban, mjukuu wa yule mzee mhunzi. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha viatu mjini, kiwanda kikafungwa, mume naye alishaondoka zamani, ndiyo amerudi kwenye nyumba ya babu yake. Ana miaka arobaini na miwili na mikono ya kazi. Maskini, alifika saa tatu akidhani ibada inaanza, akatukuta kwenye saa ya maombi, wote tumepiga magoti, kila mtu anaomba kwa sauti yake. Alisimama mlangoni akitafuta moto uko wapi.

Halafu ikafika zamu ya salamu. Traian akasema kama kawaida, wageni wasimame watuletee salamu kutoka makanisa yao. Mgeni alikuwa mmoja. Akasimama, akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema, "Nawaletea salamu za kiwanda cha viatu. Kimefungwa." Na Traian, ambaye sikio lake unalijua lilivyo zito, akanyoosha mkono: "Tumezipokea kwa furaha! Kawasalimuni na ninyi, na msimame imara!" Sote tukaitika amina. Tungefanya nini?

Vilevile alikuwa amekaa mahali pasipofaa, akaonyeshwa pengine. Hayo ni madogo.

Hajarudi. Jana imepita Jumapili ya tatu. Nina miaka sabini na tatu, Beni. Nataka nimwone mtu mmoja akiingia mlango ule mara ya pili kabla hamjanibeba mimi kutoka. Huyu nikimpoteza, mlango naurudisha kwa Traian. Wewe uko kwenye kanisa kubwa huko Hispania, niambie wanafanyaje.

Mama yako mkubwa,
Saveta

*

Castellón, 2 Novemba 2003

Mama Mkubwa mpendwa,

Amani kwako na kwa goti lako. Chupa zimefika tano. Sandu anasema barabara za Ufaransa ni mbaya. Mpe Estera hongera, na huyo diwani mumchunge asije akagombea mapema. Mimi ni mzima. Kiwandani bado napanga vigae kwenye maboksi, saa kumi na moja kwa siku, na mgongo umeanza kuongea kama goti lako. Wenzangu wawili ninaoishi nao hawajambo, mmoja anakoroma, mwingine anapika. Sasa hivi ni saa nne asubuhi, mvua inanyesha, nimekaa mezani jikoni peke yangu na mkate na jamu yako.

Nimecheka na kile kiwanda cha viatu mpaka jirani akagonga ukuta. Uso wa upole! Mama Mkubwa, wewe ulimfukuza mkaguzi wa mita kwa fagio. Lakini wamekuchagua, na mimi nakuheshimu, kwa hiyo sikiliza.

Kwanza, hizo salamu ziacheni. Sisi tumezaliwa humo, tunadhani kila binadamu duniani ana kanisa alikotoka na anatamani kusimama kulitaja. Mtu asiye nalo mnamsimamisha uchi mbele ya watu. Pili, usimuulize mbona hakuja. Tatu, nina swali. Umeandika kwamba mgeni "akaonyeshwa pengine". Akaonyeshwa na nani? Na palipokuwa hapafai ni wapi? Benchi zenu nazijua, zote ni ngumu sawasawa.

Kanisa la Waromania hapa ni kubwa kweli, watu zaidi ya mia mbili, wamekodi ghala la zamani. Viti ni vya plastiki, vyeupe.

Nakubusu mikono,
Beni

*

Hârjești, 24 Novemba 2003

Mwanangu,

Amani. Theluji ya kwanza imeanguka na bomba la maji limeganda. Nguruwe tutamchinja wiki mbili kabla ya Krismasi, soseji zako zitakuja na Sandu, na safari hii nitazihesabu mbele yake. Mtoto wa Estera wamemwita Debora.

Ushauri wako ulichelewa siku nne. Tulikuwa tumeshakwenda kumtembelea Mirela. Traian alisema mgeni atembelewe, na mimi nilitaka niende peke yangu, lakini ukisema kitu kanisani kwetu kila mtu anavaa koti. Tulikwenda saba. Traian alibeba Biblia kubwa ya mimbari, sijui kwa nini. Ndugu Pavel alikuja na tarumbeta. Tulipofika getini mbwa akaanza, Mirela akachungulia dirishani, akatuona saba kwenye theluji, weusi kama tunatafuta nyumba yenye msiba. Pavel akasema tumwimbie ili asiogope. Tukaimba nyimbo mbili, beti zote.

Alishusha pazia, Beni. Bila haraka, kwa heshima, mpaka chini.

Tukageuka kurudi. Njiani Traian akasema, "Labda hapendi tarumbeta."

Kuhusu lile la tatu, nani alimhamisha mgeni, sikumbuki vizuri, kulikuwa na watu wengi. Na wewe pia kuna mambo huandiki. Nilikuuliza wanafanyaje huko kwenye kanisa lako na umenipa rangi ya viti.

Saveta

*

Castellón, 21 Desemba 2003

Mama Mkubwa,

Amani, na Krismasi njema mapema. Soseji zimefika zote, Sandu alinikabidhi akiwa amenuna.

Kulikuwa na watu wengi? Mko kumi na tisa!

Haya, sikukutukana, nacheka tu. Nisikilize. Msimpelekee kitu tena, wala wimbo wala kijitabu. Mpelekee shida. Mtu akipelekewa zawadi anajua yeye ni mgeni, ila akiombwa msaada anakaa sawa kwenye kiti. Amefanya kazi ya viatu miaka mingapi? Na lile buti lako la kushoto, lililofumuka tangu nikiwa bado nyumbani, bado unalifunga na kamba? Basi nenda. Peke yako. Na kama Pavel atakufuata, mwibie ile tarumbeta.

Huku nako ni baridi kidogo. Nilikuwa na mpango wa kutoka asubuhi hii lakini nikaona nikuandikie kwanza.

Beni

*

Hârjești, 12 Januari 2004

Beniamin,

Amani, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilifika mkesha wa Krismasi na Sandu mwenyewe. Alikula sahani mbili za kabichi yangu yenye nyama, akasema umekonda.

Nilikwenda siku hiyohiyo. Nilivua buti mlangoni nikampa Mirela mkononi, nikasimama na soksi kama mtoto. Alilitazama ndani na nje, akaniuliza, "Aliyelishona mara ya mwisho alikuwa na ugomvi na wewe?" Nikamwambia nilishona mwenyewe. Akasema, "Basi mpatane." Nikakaa jikoni kwake saa mbili nzima. Anayo sindano ya ngozi, na nyuzi, na nta, vyote amevileta kutoka mjini kwenye sanduku la biskuti. Alishona bila kuongea, halafu akaongea. Kanisa sikulitaja. Karibu nipasuke, lakini sikulitaja. Nikiwa natoka akaniuliza yeye, "Krismasi mnaanza saa ngapi, mkitoa ile saa ya makelele?"

Akaja. Mara ya pili, Beni! Mtu ameingia mlango wangu mara ya pili! Nilimwambia Traian akithubutu kutaja salamu nitamvuta koti, akaogopa, akapitiliza. Pavel alipuliza tarumbeta nje, mbali.

Ila Mirela alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali upepo unapita kama umelipa nauli. Nilimwita kwa mkono asogee mbele kwenye joto, akatikisa kichwa. Aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Tangu hapo zimepita Jumapili tatu, mbili amekuja, moja hakuja, na akija ni palepale kwenye upepo. Mtu anayekaa pale hajaja, amepita tu. Namwona atapotea tena na safari hii ni moja kwa moja.

Sasa na wewe. Nimezitoa barua zako zote kwenye droo nikazipanga. Pili Novemba. Ishirini na moja Desemba. Na ile ya Septemba. Nimechukua kalenda ya ukutani. Zote ni Jumapili. Na moja umeiandika saa nne asubuhi, mvua inanyesha, uko jikoni na mkate. Jumapili saa nne asubuhi mtoto wa mdogo wangu yuko jikoni na mkate?

Mchungaji wenu anaitwa nani, Beni? Nijibu hilo tu.

Saveta

*

Castellón, 15 Februari 2004

Mama Mkubwa,

Amani. Nimechelewa kujibu. Barua ilifika mapema, Sandu hana kosa. Leo ni Jumapili, ndiyo, na ni asubuhi. Usiitoe kalenda.

Mchungaji wao simjui jina. Nilikwenda mara moja tu, mwaka jana, mwezi wa Agosti.

Hawakunifanyia ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi. Kuna mtu mlangoni anaitwa Costel, mnene, mcheshi, ana kalamu nyuma ya sikio. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Alinitafutia kiti. Wakafika kwenye salamu, na mimi kwa salamu ni bingwa, unajua, nilikuwa nazitoa nikiwa na miaka sita juu ya stuli. Nikasimama. Nikasema, "Nawaletea salamu za kanisa la Hârjești, za Mama Mkubwa Saveta, na za mama yangu Floarea."

Mdomo ulisema wenyewe. Maisha yangu yote nimezitoa hivyo, popote nilipokwenda, na kila mara alikuwa ananituma yeye. Watu mia mbili wakaitika, "Tumezipokea, na zetu zimfikie." Miezi saba alikuwa kaburini. Kaburi ambalo sijaliona, kwa sababu karatasi zangu za hapa zilikuwa zimeisha muda na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, nikabaki huku napanga vigae siku mnamzika. Hilo unalijua. Hujawahi kunilaumu, na wakati mwingine natamani ungenilaumu tu tukamaliza.

Baada ya ibada Costel alinifuata na kahawa, akaniuliza mama anaendeleaje na afya. Nikasema hajambo. Akauliza anapenda kupika nini. Nikamweleza! Nilisimama pale na kikombe nikamweleza mtu jinsi mama anavyopika supu ya maharage, kwamba anatia siki mwishoni. Kisha nikatoka, na sijarudi. Namba yangu aliiandika kwa ile kalamu, akanipigia simu mara tatu. Nilipoona namba yake niliiacha iite. Nikirudi ataniuliza tena mama hajambo, na nitamjibu nini?

Ndiyo maana najua habari za wageni, Mama Mkubwa. Mimi ndiye wa kumi na mbili wenu.

Beni

*

Hârjești, 8 Machi 2004

Beni, mwanangu,

Amani. Barua yako nimeisoma mara tatu na kwenye ya tatu nikaisomea jikoni kwa sauti, sijui nikimsomea nani.

Sitakulaumu. Nikikulaumu itabidi nijilaumu na mimi, na ngoja nikuambie ni kwa nini, kwa sababu umenishinda kwa kusema ukweli, na mimi sipendi kushindwa na mtoto niliyemfuta kamasi.

Aliyemwondoa Mirela pale alipokaa ni mimi.

Alikaa benchi la tatu upande wa wanawake, karibu na jiko la kupashia kanisa joto, kwenye kona. Alikaa kwenye nafasi ya mama yako. Tangu Januari ile naweka pale mto wangu kila Jumapili kabla watu hawajaingia, na hakuna anayethubutu. Siku ile nilikuwa mlangoni na kazi yangu mpya, nikachelewa na mto. Nikageuka nikaona mgongo wa mtu pale, kilemba cha mtu mwingine. Nilikwenda nikamwambia, "Hapo ni pa Floarea." Sikumwambia lolote zaidi. Akaomba msamaha, akahama.

Juzi nilimpelekea buti la kulia nalo, nikamuuliza sababu ya kung'ang'ania kwenye upepo. Alikuwa anatia nta kwenye uzi, hakuinua macho. "Dada Saveta," akasema, "siku ile nilimsubiri huyo Floarea ibada nzima. Nilitaka nimwombe radhi. Wiki ile ndiyo muuza duka akaniambia amekufa. Nikafikiri, hawa watu afadhali wawe na maiti kwenye benchi kuliko mimi."

Nililia, Beni. Nililia pale jikoni kwa mtu, na buti mguu mmoja. Mazishini sikulia kwa sababu kulikuwa na wageni wa kulisha. Mirela hakunibembeleza, alisogeza kiti karibu akaendelea kushona, na nikamshukuru kwa hilo.

Jana sikuchukua mto. Nilimsubiri mlangoni, nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe. Nikamwambia, "Hapa alikaa mdogo wangu Floarea miaka arobaini na moja. Amekufa. Kaa." Akasema, "Una hakika?" Nikamwambia sina hakika hata kidogo, kaa upesi kabla sijabadili mawazo. Akakaa. Nilimtazama mgongo wake mpaka mwisho na ilinichoma, sikufichi, ilinichoma kama kisu. Lakini hakuondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Na baada ya ibada nilimsikia anamfokea Traian kwamba jiko linatoa moshi kwa sababu hakuna mwenye akili aliyesafisha bomba tangu enzi za mfalme. Traian anamjibu, yeye anamjibu. Nilikaa naburudika. Mgeni hafokei mtu, Beni. Jumamosi wanasafisha bomba pamoja.

Sasa nenda. Sikuombi kama mtu wa mlango, nakuamuru kama dada ya mama yako. Huyo Costel akikuuliza mama hajambo, mwambie. Neno lenyewe ni fupi. Mimi nimelisema jana na nimeamka leo.

Saveta

*

Castellón, 19 Aprili 2004

Mama Mkubwa,

Amani. Mimi ni mzima, na mgongo umetulia kidogo. Pasaka nilitoka kwenda, nikafika kwenye kona, nikarudi. Hiyo uiseme tu moyoni, usiniandikie.

Jana nilikwenda. Costel alikuwa mlangoni na kalamu yake. Nilidhani amenisahau, maana mtu anaona nyuso mia mbili. Akafungua mikono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wa Hârjești! Supu ya maharage! Mama hajambo?"

Nikasema, "Amefariki."

Nikasema, "Alikuwa amekwisha fariki hata siku ile. Nilikudanganya. Sikuweza kwenda kumzika."

Watu walikuwa wanapita kushoto na kulia kwetu wakiingia. Costel alitoa kalamu nyuma ya sikio akaitia mfukoni, akampa mtu mwingine kazi ya mlango bila hata kumtazama, akanishika bega tukaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, mahali wanapoegesha magari. Nilisubiri aniambie nisihuzunike, au anisomee kitu, au aniulize nilikuwa wapi miezi yote. Hakuniuliza.

"Haya," akasema, "nisimulie habari zake. Anza mwanzo."

Nikaanza. Tulikosa mahubiri yote, Mama Mkubwa, na bado sijafika hata kwenye harusi yake.

Mwanao,
Beni